JUMATANO: Mji Ambao Jua Halichwi

Soma Mwanzo 1:3–19 na Nehemia 13:15–22. Ni jioni ngapi zilipita kabla ya mianga kuwekwa angani? Kwa nini Nehemia aliweka watu malangoni?

Katika Karagwe na Kyerwa jua huchwa karibu na saa moja jioni mwaka mzima. Mwumini anayeanika kahawa hutazama tu vilima vya upande wa Rwanda, akakunja turubai, na Sabato ikaingia.

Sivyo ilivyo kila mahali. Utqiaġvik, mji wa kaskazini kabisa nchini Marekani, uko Alaska, ukingoni mwa bahari ya barafu. Hadi mwaka 2016 uliitwa Barrow. Wakazi wake ni elfu chache, wengi wao Wainupiati, wawindaji wa nyangumi. Hakuna barabara inayofika huko; watu husafiri kwa ndege, na meli za mizigo hufika kiangazi tu, barafu inapoachia. Kuanzia takribani Mei 10 hadi mwanzoni mwa Agosti jua halichwi kabisa. Kisha katikati ya Novemba huzama, lisionekane tena hadi karibu Januari 23.

Mwumini akihamia huko, atafungua Sabato saa ngapi? Wapo wanaodhani kwamba swali hili linaitikisa amri ya nne. Haliitikisi. Mwanzo 1 inahesabu jioni tatu na asubuhi tatu kabla ya siku ya nne, jua lilipopewa kazi ya kutenganisha mchana na usiku. Siku ni ya Mungu, jua ni mtumishi wake. Hata Utqiaġvik, jua la kiangazi hushuka chini angani na kupanda tena kila saa 24, na katika giza la Desemba mwanga hafifu hutokea adhuhuri na kufifia. Juma halipotezi siku. Ila mwumini huyo lazima aamue saa mapema, kisha aishike wakati nje ni kweupe na jirani zake wanapakua meli.

Nehemia naye hakuliachia jua kazi yote. Giza lilipoanza kuingia aliagiza malango yafungwe, maana wachuuzi walikuwa tayari na bidhaa zao.

Msimu wa kahawa huleta jambo hilohilo Kayanga na Nkwenda. Ni Ijumaa, saa kumi na moja na nusu. Kwenye mzani wa chama cha msingi bado kuna watu kumi mbele, na ada ya mtoto inadaiwa Jumatatu. Nyumbani ndizi za Sabato zimeshaiva. Jua litachwa kwa wakati wake, lakini halitamwondoa mtu kwenye foleni. Akiondoka, huenda akirudi akute fedha zimekwisha. Hilo hutokea, na si vema kuwaambia waumini kwamba halitokei.

Kwa kujadili: Ni nani katika kikundi chenu anayelifunga lango lake la Ijumaa kwa hasara? Kikundi kingeweza kufanya nini, hata kumkopesha ada, kabla msimu haujaanza?