Wosia wa Mkristo na Ulinzi wa Jamaa Yake

Somo la kusomwa nyumbani na katika mikutano ya usharika. Kwanza someni: Isaya 38:1–5, Hesabu 27:1–11, Yohana 19:25–27, Wagalatia 4:1–2.



Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alimjia kwa neno la Mungu, akamwambia aweke sawa mambo ya nyumba yake kwa kuwa kufa kwake kumekaribia. Neno lile halikutaja majeshi yake wala hazina yake, lilitaja nyumba yake. Hata Bwana wetu, akiwa msalabani katika maumivu makuu, hakumsahau mama yake, bali alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda.

Wako wengi kwetu wasemao ya kuwa kuandika wosia ni uchuro, yaani ni kujiitia mauti. Na wasome habari ya Hezekia mpaka mwisho: baada ya kuambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake aliongezewa miaka 15. Wosia hauiti mauti, wala kutoandika hakuyazuii.

1. Masanduku yaliyofunguliwa mbele ya watu wote

Wasomaji wetu wa Tabora waijua Kwihara, mahali alipokaa David Livingstone mwaka 1872. Mwezi wa Agosti mwaka ule aliondoka huko kwenda kusini, na mwaka uliofuata, 1873, akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Hakuwa na ndugu wa damu karibu naye. Walikuwapo watumishi wake, Susi na Chuma, pamoja na wapagazi.

Watu wale walifanya jambo la hekima. Kabla ya kuondoa kitu chochote waliwaita wenzao wote, wakayafungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika vitu vilivyokuwamo. Kisha wakauchukua mwili pamoja na mali hata Unyanyembe, walikofika Oktoba 1873, wakaendelea katika njia ile ya kale ya misafara, wakaingia Bagamoyo Februari 1874. Daftari za marehemu zilifika kwa watu wake, nazo zasomwa hata leo.

Angalieni mambo matatu: mashahidi, maandishi, na watu waaminifu waliopewa kazi ya kufikisha. Haya matatu ndiyo nguzo za wosia wowote. Kama mali ya mgeni ililindwa hivyo mwituni, itakuwaje mali ya baba iibiwe nyumbani kwake, kabla ya matanga kwisha?

2. Mahali pasipo wosia

Wengi hudhani ya kuwa wakifa, mali itakwenda yenyewe kwa mke na watoto. Sivyo. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, zinazohusu makabila mengi yahesabuyo ukoo kwa baba, zawapanga warithi katika daraja tatu. Daraja ya kwanza ni mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa. Ya pili ni wana wengine wa kiume. Ya tatu ni mabinti. Mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa za ukoo. Haki yake ni kutunzwa na watoto wake.

Wala mtu asiseme, Mimi nimebatizwa, kanuni hizo hazinihusu. Ikiwa marehemu hakuacha wosia, mahakama huangalia namna alivyoishi, kama alifuata mila za kabila lake au aliziacha. Ubatizo peke yake hautoshi kulijibu swali hilo.

Wajane wawili wa nchi hii waliyajua hayo kwa machungu. Waume zao walikufa pasipo wosia, nao wakafukuzwa katika nyumba zao na jamaa za waume. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri ya kuwa kanuni zile zawabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Rufani yao ilikataliwa mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi. Ndipo mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikasema ya kuwa wamedhulumiwa. Huo ulikuwa mwaka wa kumi tangu walipoanza shauri lao.

Sasa linganisheni na habari ya Bi Holaria binti Pastory, wa upande wa Bukoba, katika nchi iliyofikiwa zamani kwa njia ya misafara itokayo Tabora kwenda Karagwe. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali. Alipozeeka, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988. Mtoto wa ndugu yake akadai ya kuwa mwanamke hana ruhusa ya kuuza shamba la ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua ya kuwa mila hiyo haipatani na haki zilizomo katika katiba, na mauzo yale yakasimama. Hukumu ile ilitegemea katiba. Lakini tusisahau ya kuwa baba ndiye aliyeanza kumtendea haki binti yake. Ni kama mabinti wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa, naye Mungu akasema ya kuwa dai lao ni la haki.

3. Wosia wa Martin Luther

Sisi Walutheri tuna mfano katika nyumba yetu wenyewe. Tarehe 6 Januari 1542 Luther aliandika wosia kwa mkono wake. Alimwachia mkewe, Katharina von Bora, shamba la Zülsdorf, nyumba ndogo, na vyombo vya thamani. Tena alitaka mke awe mlezi wa watoto, kwa kuwa hakupenda mama awe mwombaji mikononi mwa wanawe. Sheria na desturi za Saxony za wakati ule hazikumpa mjane uwezo kama huo.

Lakini Luther hakuwapenda wanasheria, hakuufuata utaratibu wao. Basi alipokufa Februari 1546, wosia ule ulitiliwa shaka, hata ikambidi mtawala Johann Friedrich authibitishe. Na pamoja na hayo watoto waliwekewa walezi wengine. Kwa hiyo twajifunza mawili kwa mwalimu wetu: moyo wake wa kumlinda mke tuufuate, utaratibu wa sheria alioudharau tusiudharau.

4. Fungu la watoto wadogo

Mtume Paulo awaandikia Wagalatia ya kuwa mrithi akiwa mtoto yu chini ya walezi na mawakili mpaka wakati uliowekwa na babaye. Jambo hilo ndilo tuliitalo amana. Mwenye mali humkabidhi mtu mwaminifu fungu la mtoto, si liwe lake, bali alitunze na kulitumia kwa chakula na ada ya shule, kisha amkabidhi mtoto akikua. Wosia na utaje jina la mtunzaji huyo, umri ambao mtoto atapewa mali yake, na jina la mwingine wa kushika kazi ikiwa wa kwanza amekufa au amekataa. Ni vema mtu huyo aulizwe kwanza, akubali kwa kinywa chake. Tena atakiwe kutoa hesabu mbele ya watu, maana mali ya yatima ina kishawishi kikubwa.

5. Namna ya kuandika

Kanuni zile zile za mwaka 1963 zaruhusu wosia. Ukiandikwa, uwe kwa wino usiofutika, wenye tarehe, ukisema ya kuwa mwandishi ana akili timamu, na utiwe sahihi yake au alama ya kidole gumba. Mwenye kujua kusoma na kuandika ahitaji mashahidi wawili wasiopungua, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua ahitaji wanne, wawili wa kila upande. Mashahidi nao wajue kusoma na kuandika. Mke aliyepo nyumbani awepo pia. Mashahidi wengine tuwachague kati ya watu wasiopewa kitu katika wosia ule.

Andikeni kila kitu kwa jina lake: nyumba, viwanja, ng'ombe, fedha zilizo benki na katika simu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na aandike na deni lake katika chama, maana deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Mume asigawe kama yake peke yake mali aliyoichuma pamoja na mkewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la talaka, ilikubali ya kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali.

Mkitaka kumnyima mrithi fungu lake, sababu itajwe wazi, naye apewe nafasi ya kujitetea. Wosia wa hasira huzaa kesi. Mwisho, wosia uwekwe mahali pa salama, benki, kwa wakili, au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na watu wawili wajue mahali ulipo. Wosia usioonekana ni kama usioandikwa.

Wazee wa usharika na wainjilisti, ninyi mwaitwa mara nyingi kuwa mashahidi. Fanyeni kazi hiyo kwa uaminifu, tunzeni siri, wala msimshawishi mgonjwa aiachie kanisa mali iliyo chakula cha watoto wake. Na jamaa wakitaka kumrithi mjane kama kitu kimojawapo cha nyumba, wakumbusheni ya kuwa sheria ya ndoa ya mwaka 1971 yampa uhuru wa kukaa apendapo, na wa kuolewa na amtakaye au kutoolewa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Susi na Chuma hawakuyafungua masanduku peke yao?
2. Katika usharika wetu wako wajane wangapi waliopoteza nyumba, nasi tuliwasaidiaje?
3. Kama ungeitwa usiku wa leo, mkeo au mumeo angejua deni lako, na mali yako ilipo?

Mwenye kulijibu swali la tatu kwa hofu na atafute karatasi na wino kabla ya Jumapili ijayo. Mungu, aliye baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, azilinde nyumba zenu.