Kura za Maoni na Vita vya Ng'ambo

Katika somo la Uraia twajifunza kwamba raia huchagua viongozi wao kwa kura. Lakini kabla ya siku hiyo kubwa kuna kura nyingine ndogo, ambayo wanachama wa chama huipiga ili kumpata mmoja wao atakayesimama kwa jina la chama. Sisi huziita kura za maoni. Wenzetu wa Kenya husema mchujo. Nimeona yafaa nieleze jambo moja juu yake. Serikali ikipeleka askari katika nchi nyingine, je, mawazo ya wapiga kura yaweza kubadili kampeni za kura hizo? Jibu langu ni kwamba yaweza, kwa sharti moja: wapiga kura wawekewe watu wasiokubaliana juu ya vita hivyo.

Tuanze nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Kumfukuza adui katika ardhi yetu halikuwa jambo la kubishaniwa. Swali gumu lilikuja baadaye: majeshi yetu yaishie mpakani, au yaendelee? Yaliendelea, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwezi wa Julai, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, baadhi ya wakuu wa Afrika waliilaumu Tanzania, naye Mwalimu akaitetea. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500. Madukani sukari na sabuni zikawa adimu, ingawa bei ya mafuta duniani nayo ilichangia.

Oktoba 1980 ukafika uchaguzi. Wakati huo chama kilikuwa kimoja. Mkutano wa chama wa wilaya uliwapigia kura walioomba ubunge, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, mmoja kwa alama ya jembe na wa pili kwa alama ya nyumba. Wote wawili walihutubia mikutano iliyotayarishwa na chama, na wote walipaswa kushika siasa ile ile. Kwa urais palikuwa na jina moja tu, na mpiga kura alijibu ndiyo au hapana.

Babu yangu, mkazi wa Makorora hapa Tanga, alikwenda Uganda na mgambo akarudi salama. Nilipomwuliza kama mwaka ule alivipigia kura vita, alicheka akasema, "Mjukuu wangu, niliulizwa jembe au nyumba. Habari za Kampala hakuniuliza mtu." Yeye huamini hata leo kwamba vita vile vilikuwa vya haki. Jirani yake, aliyefiwa na mwanawe huko, hakuamini kwamba ilitupasa kwenda mbali hivyo. Walikuwa na mawazo mawili, lakini kura zao hazikuwa na mahali pa kuyaonyesha.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, lakini jambo hili halikubadilika sana. Mwaka 2013 askari wetu walikwenda mashariki ya Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoruhusiwa kuwashambulia waasi. Julai 2015 CCM ilipotafuta mgombea wa urais, majina 5 yalibaki katika mchujo wa kwanza: Bernard Membe, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali, January Makamba na John Magufuli. Membe alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na Migiro aliwahi kuwa na wizara hiyo hiyo. Hata hivyo hapana aliyejenga kampeni yake juu ya kuwarudisha askari. Basi mjumbe aliyekuwa na shaka juu ya Kongo hakuwa na wa kumchagua kwa sababu hiyo. Desemba 2017, kule Semuliki, askari wetu 15 waliuawa katika shambulio moja.

Sasa tutazame Marekani mwaka 1968. Askari wake karibu nusu milioni walikuwa Vietnam. Seneta Eugene McCarthy alisimama dhidi ya Rais Lyndon Johnson, wa chama chake mwenyewe, akitaka vita vikomeshwe. Tarehe 12 Machi, katika jimbo la New Hampshire, McCarthy alipata asilimia 42 na Johnson 49. Johnson alishinda kwa hesabu, lakini tarehe 31 Machi alitangaza kwamba hatagombea tena. Twaona kwamba jimbo moja dogo lilisikika kwa kuwa lilipewa njia ya kusema.

Hata hivyo, kura si rahisi kusomwa. Wataalamu waligundua baadaye kwamba wengi wa waliompa McCarthy kura walitaka vita viongezwe nguvu. Walichukizwa na Johnson kwa kutoshinda. Tena, Agosti mwaka ule chama kilimteua Hubert Humphrey, ambaye hakushindana katika kura zile kabisa. Mawazo ya watu yalimwondoa mmoja, lakini hayakumchagua mwingine.

Wako wasemao kwamba mambo ya vita ni ya wakubwa, na kuyajadili hadharani ni kumpa adui siri. Nakubali kwamba mipango ya majeshi ni siri. Lakini sababu ya kwenda, muda wa kukaa na gharama yake si siri. Hulipwa na wazazi wetu, na waendao ni vijana wa rika letu. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, si muda mrefu tutatimiza miaka 18. Mgombea akija kutuomba kura, tumwulize habari za barabara na maji, kama ilivyo desturi. Kisha tumwulize pia: ni kwa sababu gani atakubali askari wetu wavuke mpaka, na watarudi lini?