Digrii ya Siasa: Tupime Pato na Deni Lake



Kila mwaka barua za vyuo vikuu zikianza kufika vijijini, swali moja hutufikia kutoka vikundi vingi. Mtoto wa mwanachama alipata C+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Ameitwa chuo kikuu, na barua inasema atasoma sayansi ya siasa kwa miaka minne. Mzazi anasimama mbele ya kikundi kuomba mkopo. Wengine wanasema, "Apewe, kesho huyu ndiye mbunge wetu." Wengine wananung'unika kwamba hiyo ni kozi ya kuongea tu. Pande zote mbili zinabishana bila kalamu wala karatasi, na somo la leo ni la kuzileta kwenye hesabu.

Kwanza tuondoe hilo la ubunge. Sheria ya Uchaguzi inamtaka anayewania urais au ugavana awe na digrii, lakini haisemi iwe digrii ya nini. William Ruto alisomea elimu ya mimea na wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwai Kibaki alisomea uchumi Makerere. Uhuru Kenyatta aligusa masomo ya siasa, kule Amherst, Marekani, na hatudhani kuna mtu atakayesema ni cheti hicho kilichompeleka Ikulu. Kwa hiyo mzazi asikope kwa hesabu ya kiti. Akope kwa hesabu ya mshahara.

Sasa mshahara utatoka wapi? Anayesomea uuguzi anajua mlango wake ni hospitali. Mwalimu mlango wake ni TSC, hata kama foleni ni ndefu. Digrii ya siasa haina mlango wake peke yake. Iko milango mingi, lakini kila mmoja unabishwa na watu wengine pia: waliosomea sosholojia, historia, sheria, usimamizi. Kijana anaweza kuingia katika utawala wa serikali kuu, pale panapoanzia wasaidizi wa kamishna wa kaunti. Tangu 2013 tuna serikali za kaunti 47, nazo zina wasimamizi wa wadi, makarani wa mabunge ya kaunti na maofisa wa kuhamasisha wananchi. Kuna wizara ya mambo ya nje, utafiti, na uandishi wa habari. Kuna kazi za uchaguzi, lakini nyingi za hizo ni za msimu. Mashirika yasiyo ya serikali yaliwachukua wengi zamani. Lakini mwaka 2025 Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, watu wengi walipoteza kazi hapa Kenya, na sasa wanashindana na hao wanaotoka chuoni.

Wazazi wengine hujifariji: akikosa kote, si atafundisha? Hapana, si rahisi hivyo. TSC inataka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni, na sayansi ya siasa si mojawapo. Kama chuo kinamruhusu kijana kuchanganya masomo, afadhali achague mapema, kwa mfano historia pamoja na Kiswahili, ili baadaye aweze kuongeza diploma ya ualimu. Aulize TSC mwaka wa kwanza, asingoje hadi mahafali.

Hatusemi kozi ni mbaya. Kikundi chenye kijana anayeweza kusoma bajeti ya kaunti na kuuliza pesa za barabara ya wadi zilikwenda wapi, kikundi hicho kina mali. Tunachosema ni kwamba pato lake huchelewa. Anaweza kuzunguka na bahasha mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, kabla ya mshahara wa kwanza wa maana. Kwa sababu hiyo, deni la kozi hii lisipimwe kwa ukubwa tu. Lipimwe pia kwa siku linapoanza kudai.

Tuchukue deni la HELB, ile Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka 1995. Watu huliogopa sana. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na mwanafunzi huanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Tuseme amechukua shilingi 60,000 kila mwaka kwa miaka minne, jumla 240,000. Akilipa kama shilingi 3,750 kwa mwezi, atamaliza kwa miaka sita hivi. Kama mshahara wake ni 30,000, hiyo ni sehemu moja kati ya nane. Ni mzigo, ndiyo, lakini mtu anaubeba.

Ubaya wa HELB uko kwa anayenyamaza. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Kwa mfano wetu, miaka minne ya kunyamaza ni faini ya 240,000, sawa na mkopo wenyewe. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zisizidi mkopo uliotolewa. Hata hivyo, kulipa mara mbili bado ni kulipa mara mbili, na jina likipelekwa kwa wale wanaoorodhesha wasiolipa madeni, kijana hapati mkopo benki. Akimaliza masomo na hana kazi, aandikie HELB mapema aeleze hali yake, wakubaliane. Na wazazi mnaotia sahihi kama wadhamini, someni karatasi hiyo kabla ya kuishika kalamu. Wengi hutia sahihi wakidhani ni fomu ya shule tu.

Deni linalotuogofya zaidi ni lile la nyumbani. Mwaka 2023 serikali ilibadilisha ufadhili wa vyuo vikuu: karo ikagawanywa kuwa ufadhili wa bure, mkopo, na sehemu ya familia, kulingana na uwezo wa nyumba. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unapingana na Katiba, na kesi ikaenda rufani. Kwa sababu ya mabadiliko hayo, msitumie hesabu ya mtoto wa jirani aliyeingia chuo miaka iliyopita. Shikeni barua ya huyu mtoto, mwaka huu, na mwangalie sehemu ya familia ni kiasi gani. Ongezeni chakula, chumba na nauli. Hapo ndipo mzazi anapokuja kwenu.

Tuseme anataka shilingi 20,000, na kikundi chenu hutoza shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi, kama vingi vinavyofanya. Riba ni 2,000 kila mwezi, ikianza mwezi ujao. Mama akishindwa kurudisha mtaji, akawa analipa riba tu na kugeuza mkopo kila mara, kwa mwaka ametoa 24,000 na bado anadaiwa zile 20,000. Kiasi hicho hicho kikiwa HELB, riba ya mwaka ni shilingi 800. Tuhesabu tena: miaka minne ya masomo na mwaka mmoja wa kungoja ni miezi 60. Mama huyo angekuwa amelipa riba ya 120,000 kwa mkopo wa 20,000 kabla HELB haijamdai mtoto hata senti moja.

Kwa hiyo kamati, mzazi akija, msimuulize mtoto atapata mshahara gani. Muulizeni yeye mwenyewe atalipa kwa kitu gani: maziwa, majani chai, kuku, kibarua? Kama jibu ni "mtoto akipata kazi," basi mkopo huo hauwezi kungoja muda wote huo, na ni afadhali mmwambie ukweli kwa upole. Aombe kwanza HELB na basari ya eneo bunge na ya kaunti. Sehemu inayobaki inaweza kuwa mchango wa harambee, ambao haurudishwi, au mkopo mdogo wa muhula mmoja wenye riba iliyopunguzwa na tarehe ya mwisho. Vikundi vingine vimetenga mfuko mdogo wa elimu usiochanganywa na ule wa biashara, nasi tunaona ni jambo zuri.

Cheti cha shamba kisiwekwe rehani kwa kozi hii. Ng'ombe wa maziwa asiuzwe, maana huyo ndiye atakayelipa muhula wa pili.

Zoezi la mkutano ujao: mweka hazina achore safu mbili ubaoni. Ya kwanza iandikwe miezi ambayo mzazi atalipa kikundi. Ya pili miezi ambayo kijana anatazamiwa kuanza kupata pesa, mkiweka miaka miwili ya kutafuta kazi baada ya chuo. Hesabuni miezi iliyo katikati, kisha mjadiliane: nyumba hii itakula nini katika miezi hiyo? Mleteni na kijana mwenyewe akae akisikiliza. Mara nyingi yeye ndiye pekee ambaye hajaonyeshwa hesabu hii.