NGOZI YA MFUNGAJI KATIKA MWEZI WA RAMADHANI

Mwezi wa Ramadhani ufikapo kumi la pili, wafungaji wengi huona ya kwamba ngozi zao zimebadilika. Uso hupauka, midomo hupasuka, na visigino hufanya nyufa. Wengine hukimbilia dukani wakanunua kopo lolote la krimu linalosifiwa, hasa sikukuu ya Idi inapokaribia. Lakini kabla ya kutoa fedha, yafaa kila mtu ajue sababu ya ukavu huo. Sehemu kubwa ya dawa yake imo jikoni na katika mtungi wa maji, na baadhi ya vitu viuzwavyo huleta madhara makubwa kuliko ukavu wenyewe.

KWA NINI NGOZI HUKAUKA

Tabaka ya juu ya ngozi hushika maji kwa msaada wa mafuta ya mwili, kama vile mawe ya ukuta yashikwavyo na chokaa. Hata hivyo maji hupotea kidogo kidogo kupitia ngozini mchana kutwa, hata kwa mtu asiyetoka jasho. Siku nyingine maji hayo hurudishwa kwa kunywa. Mfungaji hawezi kuyarudisha mpaka jua litue. Katika Kenya, nchi ipitiwayo na mstari wa ikweta, saumu huchukua kadiri ya saa 13 na nusu, na tofauti ya msimu kwa msimu ni ndogo.

Mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka katika majira yote. Iangukiapo siku za joto, kama ilivyokuwa mwezi wa Machi mwaka 2025, mkazi wa Mombasa hutoka jasho jingi, na yule wa Garissa au Wajir hukaushwa na upepo mkavu.

KUNYWA NA KULA USIKU

Maji mengi yanywewayo kwa mara moja hutoka upesi kwa njia ya mkojo. Afadhali kuyagawa: glasi mbili wakati wa kufuturu, glasi moja moja baada ya sala na kabla ya kulala, na glasi mbili tena wakati wa daku, hata zitimie nane hivi. Mkojo ukiwa mchache na wenye rangi nzito, hiyo ni dalili ya kwamba mwili umepungukiwa na maji. Mwenye maradhi ya moyo au ya figo amwulize daktari kiasi kimfaacho.

Vyakula vingine pia huleta maji mwilini, kama tikiti maji, matango, machungwa, uji na madafu. Samaki, kunde na mboga za majani huupa mwili vitu vya kujengea ngozi mpya. Sambusa, bajia na kaimati si haramu kwa afya, lakini zisichukue nafasi ya chakula chenyewe. Achari na vyakula vya chumvi nyingi visiliwe wakati wa daku, kwa kuwa humwongezea mtu kiu mchana.

KUOSHA NA KUPAKA

Maji ya moto sana na sabuni kali huondoa mafuta ya ngozi. Yafaa kuoga kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi, kisha kujifuta taratibu na kupaka mafuta mara moja, ngozi ikiwa bado na unyevu, ili unyevu huo usitoroke. Mafuta ya nazi au mafuta ya mgando yasiyo na manukato yatosha, wala bei yake si kubwa. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, mafuta yapakwayo juu ya ngozi hayafunguzi saumu. Midomo ipakwe pia, wala isilambwe, kwa kuwa mate yakikauka huzidi kuipasua.

Mwenye kutawadha mara nyingi kwa siku akaushe vizuri nafasi zilizo kati ya vidole vya miguu. Unyevu ukikaa hapo huleta fangasi, na ngozi huwasha na kuchubuka.

Mwenye kisukari ana sababu kubwa zaidi ya kuiangalia miguu yake. Yeye huweza kupata ufa katika kisigino asiusikie, nao ukageuka kidonda kisichopona upesi. Aitazame miguu yake kila usiku, asitembee pekupeku, na amwone daktari kabla ya mwezi kuandama ili ajue kama kufunga kutamdhuru. Sheria ya dini yenyewe humruhusu mgonjwa kula.

HATARI YA SIKU ZA MWISHO

Katika kumi la mwisho watu hujitengeneza kwa ajili ya Idi, na hapo ndipo wengi hudhurika. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki. Sumu hii hupenya ngozini ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mwanamke mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Nyingine zina dawa za steroidi, ambazo zikitumiwa muda mrefu bila daktari huifanya ngozi kuwa nyembamba na kujaa alama. Mataifa yaliyokubaliana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 yaliazimia kuziondoa sokoni krimu zenye zebaki, lakini bado huonekana madukani.

Hina nayo yataka uangalifu. Hina ya majani huacha rangi nyekundu au ya kahawia, nayo kwa watu wengi haina madhara. Ile nyeusi iitwayo piko mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iwezayo kuunguza ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu. Watoto wasipakwe kamwe.

Basi kopo lisiloandikwa vitu vilivyomo ndani yake liachwe dukani. Na yule aliyekwisha kutumia krimu ya namna hiyo asione haya wala asifiche. Aende hospitali akiwa na kopo lenyewe mkononi, ili daktari ajue ni kitu gani kilichopakwa na namna ya kukiacha kwa salama.