SOMO LETU: SAMAKI AKIBADILI RANGI, JE, ANAUMWA?



Baadhi yetu hapa Masaka tunaofanya kazi katika nyumba za wageni, mikahawa na ofisi tumeongezewa kazi ya kutunza tangi la kioo la samaki wa mapambo. Hatukufundishwa kazi hiyo, lakini samaki wakifa tunaulizwa sisi.

Tuanze na jambo lililotupata. Katika tangi moja tulilolitunza walikuwamo furu wa Ziwa Tanganyika. Dume mmoja akakolea rangi, na mstari mweusi ukatokea penye jicho. Jike mmoja akaacha kula, kidevu kikamvimba. Tukaamriwa kutia dawa ya buluu, nasi tukatia bila kuuliza. Siku chache baadaye samaki wote walikuwa juu ya maji wakihema, kisha wakafa. Mwenzetu akakatwa mshahara. Baadaye ndipo tulipojifunza kwamba dume yule alikuwa ametawala tangi, na jike alikuwa amebeba mayai kinywani, kazi anayoifanya kwa muda wa kama wiki mbili. Hawakuwa wagonjwa. Dawa iliua bakteria wema wanaosafisha maji katika chujio, na samaki wakauawa na uchafu wao wenyewe.

1. Mabadiliko ya kawaida

Ngozi ya samaki ina chembe ndogo za rangi. Rangi nyeusi ikitawanyika ndani ya chembe, samaki huwa mweusi, ikijikusanya, hupauka. Neva na homoni ndizo zinazoongoza kazi hiyo, na yaweza kutokea kwa dakika chache tu. Sababu zake ni hizi:

(a) Giza. Asubuhi taa inapowashwa, samaki wengi wamepauka. Tungoje kama nusu saa.
(b) Mahali. Juu ya mchanga mweupe samaki hupauka; juu ya mchanga mweusi hukolea.
(c) Cheo na uzazi. Dume anayetawala hung'aa, na akishindwa hufifia. Madoa ya manjano kwenye pezi la chini la furu ni ya asili. Samaki wa dhahabu dume huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua wakati wa kuzaana.
(d) Umri. Samaki wa dhahabu wengi huanza maisha na rangi ya kahawia au kijivu, kisha hugeuka.

2. Dalili za ugonjwa

(a) Chembe nyeupe kama chumvi mwili mzima na mapezini, samaki akijikwaruza kwenye mawe. Huu ni ugonjwa wa madoa meupe, nao huletwa na kijidudu. Tusiuchanganye na vipele vya dume, ambavyo hukaa matamvuani na mbele ya mapezi ya ubavuni. Maji yakipoa ghafla samaki hudhoofika na ugonjwa hupata nafasi. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Umeme ukikatika, kipasha maji nacho huzimika. Dawa humpata kijidudu anapoogelea nje ya samaki tu, kwa hiyo tiba huendelea siku kadhaa hata kama madoa yametoweka.
(b) Vumbi la rangi ya dhahabu juu ya ngozi. Hiki nacho ni kijidudu.
(c) Nyuzi kama pamba juu ya kidonda. Mara nyingi ni ukungu.
(d) Matamvua mekundu mno au ya kahawia, na samaki wote wanahema juu ya maji. Hapo maji ndiyo yenye sumu. Tubadilishe robo ya maji mara moja. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.
(e) Weusi usiokwisha kwa siku nyingi, mapezi yamekunjwa. Samaki huyu ana taabu: anaonewa, au maji ni mabaya.

3. Maswali manne kabla ya dawa

Je, anakula? Je, anapumua polepole kama wenzake? Je, mapezi yamefunguka? Je, ni mmoja au ni wote? Rangi ikibadilika lakini majibu yote ni mazuri, tusitie dawa. Tumtazame siku mbili. Wakiugua wote kwa pamoja, tuanze na maji.

4. Mikono yetu

Majini mwa matangi huweza kuwamo bakteria wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Huingia kwenye mchubuko na kuleta vidonda mikononi vinavyochukua miezi kupona. Mwenye jeraha asiingize mkono tangini. Glavu ni chombo cha kazi kama ufagio. Tuzidai kwa mwajiri.

5. Daftari

Kila siku tuandike tarehe, joto la maji, chakula, maji yaliyobadilishwa, na rangi tuliyoiona. Tukiamriwa kutia dawa, tuandike dawa gani na nani aliyeamuru. Siku ile hatukuwa na daftari, na mwenzetu hakuwa na la kuonyesha.

Maswali ya kujadiliana
1. Jike ameacha kula na kidevu kimevimba. Tufanye nini kwanza?
2. Mahali petu pa kazi, nani hununua glavu?

Umoja ni nguvu.