Gari ya koperative: kuangalia mafuta, maji na batri mbele ya safari



Tumezoea kuzungumuza hapa juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo somo letu linatoka shambani na kuingia chini ya kapo ya gari. Pengine mutu atauliza: agronomu anatafuta nini mule? Jibu ni hili: mavuno hayana bei mpaka yafike kwenye soko. Tomati zikilala siku mbili njiani juu moteri imezimika, zinaoza. Maziwa ya asubuhi yakichelewa mpaka mangaribi, yanamwagwa. Kazi ya miezi mine inaweza kupotea kwa sababu ya litri moja ya mafuta ambayo hakuna mutu aliangalia.

Tena gari siyo ya shofere peke yake. Shofere ni mumoja, lakini gari ni ya wanamemba wote, wamama na wababa. Kwa hiyo somo hili siyo la shofere tu. Mwanamemba yeyote wa komite anapashwa kujua kuvuta jogi na kusoma alama. Wenye mashini ya kusaga, wenye grupe ya umeme, na wenye batri ya pano solere nyumbani watapata mambo yao hapa pia.

1. Saa ya kuangalia

Angalia asubuhi, wakati moteri iko baridi na gari haijawashwa. Gari isimame mahali pa sawa. Kama imeinamia upande mumoja, jogi itakudanganya. Zima kontakti, vuta freni ya mukono, kisha fungua kapo. Chukua kitambaa kisafi na kaye ya gari. Kazi yote haipite dakika kumi.

2. Mafuta ya moteri

Vuta jogi, ipanguse na kitambaa, irudishe mpaka mwisho, kisha uivute tena. Mara ya kwanza haihesabiwe, juu mafuta yamerukaruka kila pahali. Mara ya pili ndiyo inasema ukweli. Mafuta yanapashwa kuwa katikati ya alama mbili, ya chini na ya juu. Kwa gari nyingi ndogo, toka alama ya chini mpaka ya juu ni karibu litri moja. Ongeza kidogo kidogo, ngoja dakika chache, upime tena. Usipitishe alama ya juu: mafuta mengi sana yanafanya povu, tena yanaweza kuharibu juwa, nayo yaanze kuvuja.

Kama moteri ilikuwa inatembea, izime na ungoje dakika kumi ili mafuta yashuke chini.

Angalia rangi pia. Moteri ya mazuti inageuza mafuta kuwa meusi haraka, hiyo peke yake siyo ugonjwa. Lakini ukiona mafuta yamekuwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiwashe moteri. Ita fundi.

Na taa nyekundu ya mafuta ikiwaka mukiwa njiani, usiseme «tutafika tu». Simama palepale na uzime. Moteri isiyo na mafuta inajikata yenyewe kwa dakika chache, chuma juu ya chuma, na bei ya kuitengeneza inaweza kumeza faida ya msimu mzima.

3. Maji ya radiateri

Hapa kuna kanuni moja isiyo na mufano wa kuivunja: usifungue kifuniko cha radiateri wakati moteri iko na moto. Ndani maji yamefungwa kwa nguvu. Ukifungua, yanaruka kwa uso na kifua, na ngozi inatoka.

Sisi wa milimani tunapashwa kuelewa jambo moja zaidi. Bukavu na Goma iko juu, karibu metre 1500 juu ya bahari, na pale maji ya sufuria inachemka kwa digri karibu 95, siyo 100. Ndiyo maana maharagi inachelewa kuiva huko. Katika radiateri, kifuniko chenye resori kinafunga maji kwa nguvu na kuyazuia kuchemka hata kama moto unapita digri 100. Kama kifuniko kimechoka, ama mutu amekibadilisha na kitambaa na kipande cha nailo, maji yanachemka upesi kwenye mupando wa kwanza. Wengi wanalaumu moteri, kumbe ni kifuniko.

Maji gani tutie? Dawa ya radiateri yenye rangi inazuia kutu. Iliyo nzito inachanganywa nusu kwa nusu na maji ya distile, na ile iliyochanganywa tayari inatiwa vile iko. Maji ya muto na ya kisima yako na udongo na chumvi ambazo zinashika ndani kama vile zinashika chini ya birika. Ukikosa vyote njiani, tia maji masafi ya mvua, kisha ukifika umwambie fundi ayabadilishe.

Moteri ikichemka: simama, zima, ngoja mpaka ipoe, karibu saa moja. Usimwage maji ya baridi juu ya moteri yenye moto, chuma kinaweza kupasuka.

4. Mafuta ya freni

Kile kirezervuari kidogo karibu na upande wa shofere kinabeba maisha ya watu. Wale wanaojua muteremuko wa Ngomo, kati ya Bukavu na uwanda wa Ruzizi, wanaelewa nasema nini. Gari inashuka na mizigo ya maharagi, juu ya mizigo watu wamekaa, na mguu wa shofere hautoki kwenye freni.

Mafuta ya freni yanavuta maji toka hewani, polepole, hata kama kifuniko kimefungwa. Yakizeeka, moto wa freni unachemsha yale maji, mapovu yanaingia, na pedali inakuwa laini kama kukanyaga sponji. Basi freni haishike tena. Kwa hiyo mafuta haya yabadilishwe yote kila miaka 2, na kwenye muteremuko shofere ashuke na vitesi vidogo, aache moteri yenyewe izuie gari.

Angalia kiasi bila kufungua, chombo kinaonyesha ndani. Kama yanashuka, kuna sababu mbili tu: plaketi za freni zimekwisha, ama kuna pahali panavuja. Kuongeza peke yake siyo dawa, ni kuficha ugonjwa. Ongeza ile tu iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 ama DOT 4. Usitie hata tone moja la mafuta ya moteri: yanavimbisha mipira yote ya freni. Tena chupa iliyokaa wazi mwaka mzima, usiitumie.

5. Mengine kwa ufupi

Mafuta ya direksioni: yawe kati ya alama mbili. Maji ya kusafisha kioo: vumbi ya kiangazi ni hatari kama usiku. Mazuti ya bidoni mara nyingi iko na maji. Yachuje, na mwambie fundi akuonyeshe kifungo cha chini ya filtre cha kutolea maji. Kisha inama, tazama udongo pale gari ililala. Tone jipya chini ni barua toka kwa gari: isome mbele ya kuondoka.

6. Batri: ndani yake muko nini

Batri ya volti 12 iko na vyumba 6. Ndani muko bamba za risasi na asidi kali iliyochanganywa na maji. Asidi inachoma ngozi, macho, nguo na magunia. Risasi ni sumu, zaidi kwa watoto, juu inaharibu ubongo wao. Na wakati batri inajazwa umeme, inatoa gazi isiyoonekana na isiyo na harufu, ambayo cheche moja inatosha kuilipusha. Basi hatari ziko tatu: asidi, sumu, na moto.

Kama muko na kipimo cha volti, pima asubuhi mbele ya kuwasha. Karibu 12,6 ni kusema imejaa. 12,2 ni nusu. Chini ya 12 imekauka. Moteri ikitembea, kipimo kiwe karibu 14. Kama kinabaki 12, alternateri ama kuruwa yake iko na shida, usikimbilie kununua batri mpya.

Neno kwa wenye pano solere: batri ya gari imefanywa kwa kuwasha moteri, siyo kwa kuangaza nyumba usiku kucha. Ukiikausha kila siku, inakufa upesi. Usiishushe chini ya nusu. Na usiiweke katika chumba cha kulala wala karibu na buji, mbabula ao kibiriti. Iweke mahali penye hewa, mbali na watoto.

7. Namna ya kuigusa

– Toa saa, pete na cheni. Vaa miwani na ganti za mipira. Hakuna sigara, hakuna buji ya kuchungulia ndani, tumia torshi.
– Kutoa: anza na kable ya kutoa (−), kisha ya kujumlisha (+). Kurudisha: anza na (+), maliza na (−). Sababu yake: (−) imefungwa kwa mwili wa gari. Ukianza na (+) na ufunguo ukagusa chuma cha gari, cheche kubwa inatoka.
– Unga mweupe ao wa kijani kwenye vichwa vya batri, usafishe na maji ya moto kidogo yenye bikarbonati na burosi, vifuniko vikiwa vimefungwa. Kausha, funga nguvu, pakaa grese.
– Kama batri iko na vifuniko vya kufungua, maji yafunike bamba mpaka kwenye alama. Ongeza maji ya distile tu. Usiongeze asidi: maji ndiyo inapotea, asidi inabaki. Soma chupa vizuri, juu chupa ya asidi na ya maji ya distile zinaweza kufanana.
– Beba batri imesimama, kwa mikono miwili. Usiibebe kwa kichwa wala mugongoni. Usiipakize pamoja na mbegu, unga ao chumvi.
– Asidi isitiwe hata siku moja katika chupa ya fanta ao ya maji ya kunywa. Mutoto hasomi, anakunywa.

8. Kuwasha gari kwa batri ya gari ingine

Kwanza hakikisha volti ni sawa. Kamyo kubwa nyingi ziko na batri mbili, volti 24. Usizifunge kwa gari ya 12. Magari yasigusane. Kisha fuata mupango huu:

a) Kable nyekundu kwa (+) ya batri iliyokufa.
b) Mwisho wake kwa (+) ya batri nzima.
c) Kable nyeusi kwa (−) ya batri nzima.
d) Mwisho wake kwa chuma cha moteri ya gari iliyozimika, mbali na batri. Usiifunge kwa batri yenyewe, juu cheche ya mwisho inatokea pale, na gazi iko juu ya batri.

Washa gari nzima, ngoja dakika chache, kisha washa ile ingine. Ikisha kuwaka, toa kable kwa kurudi nyuma: d, c, b, a.

9. Asidi ikimugusa mutu

Kwa ngozi: vua nguo iliyolowa, mwagia maji mengi dakika 20. Kwa jicho: fungua jicho kwa vidole, mwaga maji masafi polepole toka upande wa pua kwenda inje, dakika 20 bila kuacha, kisha peleka mutu kwenye kituo cha afya. Usisugue, usitie maziwa, mafuta wala dawa ya majani. Bikarbonati ni ya chuma na udongo, haiingie katika jicho. Kama mutu amemeza: asukutue kinywa, asitapishwe, apelekwe mbio. Ndiyo sababu bidoni ya maji masafi inapashwa kuwa tayari mbele ya kugusa batri, siyo kutafutwa kisha ajali.

10. Batri iliyokufa na mafuta ya zamani

Hapa agronomu anarudi kwenye kazi yake. Risasi ikiingia katika udongo, haiozi kama majani. Inabaki miaka na miaka. Lengalenga ya pale, kuku anayekwaruakwarua pale, mutoto anayecheza pale, wote wanaipata. Kwa hiyo usivunje batri, usimwage asidi yake katika mufereji, na usiyeyushe risasi kwa moto wa nyumbani ili kufanya vizito vya nyavu. Irudishe kwa muuzaji wa batri. Wengi wanainunua ao kupunguza bei ya mpya.

Mafuta ya zamani ya moteri vilevile: yasimwagwe shambani wala karibu na chemchemi. Na wamama wa mawese, tafazali: bidoni iliyobeba mafuta ya moteri, ya freni ao asidi haibebe tena mafuta ya kula, hata ikioshwa mara kumi. Iandikwe kwa rangi SUMU.

Maulizo ya kuzungumuza katika kikundi

1. Katika koperative yetu, nani anaangalia gari asubuhi wakati shofere hayuko?
2. Kaye ya gari iko wapi, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha mafuta ya freni ni gani?
3. Batri za zamani za nyumba zetu ziko wapi leo, na watoto wanaweza kuzifikia?

Kazi ya juma hili: wanamemba watatu, angalau mama mumoja kati yao, wajifunze kwa shofere kuvuta jogi na kusoma alama zote. Waandike katika kaye tarehe, kilometre, na kitu kilichoongezwa. Kisha mwezi mumoja, komite isome kaye ile mbele ya wote, kama vile inasoma hesabu ya keshi. Kama mafuta inaongezwa kila juma, kuna pahali inaenda, na muko na haki ya kuuliza ni wapi.