Mwongozo wa Programu: Kurasa Tuli Zapunguza Gharama

Mtengenezaji wa programu za hesabu za stoo aliyeko Elerai, anayewauzia wenye maduka ya jumla Kilombero na Mbauda, huwa na gharama moja asiyoiingiza vitabuni: simu za wateja. Mmoja anauliza namna ya kufunga hesabu za siku. Wiki inayofuata mwingine anauliza hilo hilo. Mwongozo upo, ila ni faili la Word lililotumwa kwa WhatsApp mwaka jana, na programu imekwisha kubadilika mara tatu. Mteja akifuata maelekezo ya zamani akafuta mauzo ya siku nzima, hasara ni ya wote wawili.

Nafuu ipo katika tovuti tuli. Kurasa zake hutayarishwa mapema kwenye kompyuta ya mwandishi na kupelekwa kwenye seva zikiwa zimekamilika, hivyo hakuna hifadhidata ya kulinda. Mafundi wengi hukimbilia WordPress, ambayo ni nzuri kwa gazeti. Kwa mwongozo wa kurasa ishirini ni kukodi fuso kubeba debe moja la maharage. Ukurasa wa maandishi matupu ni mwepesi, na mteja anayenunua bando la siku huiona tofauti.

Mfano mkubwa ni DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika pia Tanzania. Miongozo yake huandikwa kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache, kisha hugeuzwa kurasa kwa MkDocs. Kila toleo lina mwongozo wake, kwa kuwa watumiaji hawahamii toleo jipya siku moja.

MkDocs, iliyotoka mwaka 2014, ni ya bure na huhitaji Python. Amri ya pip install mkdocs huiweka kwenye kompyuta. Ile ya mkdocs new mwongozo hufungua kabrasha lenye faili la mkdocs.yml, la jina la tovuti na mpangilio, pamoja na kabrasha la docs, la maandishi yenyewe. Kwa mkdocs serve mwandishi huikagua kazi kabla haijatoka nje. Kabrasha likishaunganishwa na GitHub, mkdocs gh-deploy huipeleka GitHub Pages, ambako hifadhi iliyo wazi kwa umma hailipiwi, mradi tovuti isizidi gigabaiti 1.

Fedha hutoka kwenye jina la .co.tz, linalolipiwa kila mwaka. Hapo wengi hujikwaa: faili la CNAME lenye jina hilo lisipokaa ndani ya docs, upelekaji unaofuata hulifuta na wateja hukuta anwani imekufa.

Tahadhari nyingine ni picha za skrini. Tovuti husomwa na yeyote, na picha yenye majina na madeni ya wateja halisi inaweza kumwingiza mwenye programu matatani chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina ya kubuni yanatosha.

Kazi nzito ni kuandika, na mwenye kampuni asikubali badiliko la programu lisilo na ukurasa wake. Kwa kuanzia, daftari la simu za mwezi mmoja litaonyesha kurasa za kwanza: kufunga siku, kurudisha mali iliyouzwa kimakosa, kuchapa risiti upya umeme ukikatika.